Je, wajua? "Hostility" na hospitali ni ukoo mmoja

Ukisikia kwenye habari kwamba kati ya nchi mbili kuna "hostility" unaelewa hapo hapo, ni uadui, uhasama, hawataki hata kuonana. Sasa hebu litazame neno lenyewe linavyoanza, halafu tazama hospitali. Hayajafanana kwa bahati, ni ndugu kabisa, na aliyewazaa wote ni mgeni.

Iko hivi, Warumi wa zamani walikuwa na neno hostis, mwanzoni maana yake mgeni tu, mtu wa kutoka nje. Kwenye sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, kama mwaka 450 KK, hostis ni mtu wa nje ambaye una kesi naye na mmepangiwa siku. Adui wa vitani alikuwa na jina lake, perduellis, ila likaonekana kali mno, basi wakawa wanamwita adui "mgeni" ili kupunguza makali. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, ndo alieleza hivyo mwaka 44 KK, akasema wahenga wao walifanya kwa upole lakini neno limetumika hivyo muda mrefu mpaka lenyewe limekuwa kali. Inauma kwa kweli, yaani neno zuri la watu limeazimwa kufunika uadui, likarudi limeshakuwa uadui wenyewe!

Ndugu yake ni hospes, ambaye ni mgeni na pia yule anayempokea. Humo ndo ikatoka hospitali, ambayo zamani Ulaya ilikuwa nyumba ya kuwahifadhi wasafiri na maskini, mambo ya kutibu yakaja kushika nafasi baadaye. Hoteli nayo ni humo humo ila imepitia Ufaransa, na wenyewe wanaandika hôtel, kile kikofia juu ya o kinaonyesha palikuwa na s ikadondoka.

Kwetu "mgeni" bado ni yule usiyemjua na ni huyo huyo unayemwambia karibu ndani, adui tulimchukua kwenye Kiarabu, mgeni wetu akabaki safi.

Halafu wale wanaosoma Biblia ya Kiingereza, ile "Lord of hosts" msidhani ni mwenyeji wa wageni, kwetu ni Bwana wa majeshi, kwa sababu Kilatini cha zama za kati kilifika mahali kikaita jeshi zima hostis.