Andrew Mellon na kodi za Mdororo Mkuu: yanayosemwa na yaliyotokea

Andrew Mellon, mwenye benki wa Pittsburgh, alikuwa Waziri wa Fedha wa Marekani kuanzia Machi 1921 hadi Februari 1932, chini ya marais Harding, Coolidge na Hoover. Ubishi mwingi kumhusu unatokana na kuchanganya miaka. Sheria za miaka ya 1920 zinahesabiwa kana kwamba ni za wakati wa Mdororo Mkuu, anguko la uchumi lililoanza 1929, na sheria ya kodi ya 1932 anabebeshwa Franklin Roosevelt, rais aliyemfuata Hoover, ambaye wakati huo hata uchaguzi alikuwa hajashinda.

Dhana: Uchumi ulipoanguka, Mellon aliwapunguzia matajiri kodi

Punguzo kubwa lilikuja mapema. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kwa awamu kutoka 73% hadi 25% kufikia 1925, wakati serikali ikikusanya zaidi kuliko inavyotumia. Baada ya soko la hisa kuporomoka Oktoba 1929 lilipita punguzo moja dogo: pointi moja ya asilimia kwenye kodi ya kawaida (sehemu ya msingi ya kodi ya mapato), na kampuni zikatoka 12% hadi 11%. Lilihusu mapato ya 1929 tu. Mwaka uliofuata viwango vikarudi palepale.

Kisha mkondo ukageuka. Desemba 1931 Mellon mwenyewe aliliomba Bunge lipandishe kodi, karibu na viwango vya sheria ya 1924. Makusanyo yote ya serikali kuu yalikuwa yakielekea kwenye dola bilioni 1.9 kwa mwaka wa fedha wa 1932, kutoka bilioni 4.1 mwaka wa 1930. Isitoshe, Uingereza ilikuwa imeacha kuifungamanisha pauni na dhahabu Septemba 1931, na Washington ikaogopa kwamba nakisi ya bajeti ingewafanya wenye dola wazikimbie.

Dhana: Kodi kubwa zililetwa na Roosevelt

Sheria ya Mapato ya 1932 ilitiwa saini na Hoover tarehe 6 Juni mwaka huo. Mellon alikwishaondoka kwenda kuwa balozi London, na kiti chake kilikuwa na Ogden Mills, aliyekuwa naibu wake. Kiwango cha juu kiliruka kutoka 25% hadi 63%. Lakini wanaotaja 63% peke yake wanasahau upande wa chini.

Mchukue mtu mwenye mke, asiye na watoto, anayepata mshahara wa dola 5,000 kwa mwaka. Mwaka 1931 dola 3,500 za kwanza hazikutozwa, na 1,500 zilizobaki zilitozwa 1.5%, yaani dola 22.50. Akiondolewa robo kwa kuwa ni pato la jasho lake, analipa 16.88. Mwaka 1932 kiasi kisichotozwa kilishuka hadi 2,500, kiwango kikawa 4%, na nafuu ile ya robo ikafutwa. Analipa dola 100 kamili, karibu mara sita, katika mwaka ambao huenda mshahara wenyewe umekatwa.

Dhana: Kiwango kikipanda, hazina hujaa

Kodi ya mapato ya watu binafsi iliingiza karibu dola bilioni 1.15 mwaka wa fedha wa 1930, milioni 427 mwaka wa 1932 na milioni 353 mwaka wa 1933. Ilishuka hata baada ya sheria mpya. Sababu ya kwanza ni ya kikalenda, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kodi ya mapato ya mwaka mmoja ililipwa mwaka unaofuata, kwa mafungu manne kuanzia 15 Machi, ilhali mwaka wa fedha ulianza Julai ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mwaka wa fedha wa 1933 ulipokea mafungu mawili ya mapato ya 1931, kwa viwango vya zamani, na mawili tu ya 1932. Sababu ya pili: faida za kuuza hisa, zilizokuwa zikilipiwa na matajiri wachache, zilikuwa zimegeuka hasara, na hasara hupunguza kodi.

Mzigo ukabebwa na ushuru wa bidhaa. Mwaka wa fedha wa 1934 ushuru huo uliingiza takriban dola bilioni 1.35, zaidi ya mara tatu ya kodi ya mapato ya watu binafsi. Humo mna petroli, matairi, magari, redio, umeme, sigara na bia.

Na hundi. Kuanzia 21 Juni 1932 kila hundi ilikatwa senti 2, na benki ndiyo iliyozitoa kwenye akaunti ya aliyeandika. Kwa hundi ya dola 500 si kitu. Kwa hundi ya dola 2 ni asilimia moja nzima. Watu wakaona heri kulipana taslimu, fedha zikatoka benki wakati uleule benki zikizihitaji kuliko wakati wowote. Kwa maoni yetu hiki ndicho kifungu kibovu kuliko vyote katika sheria ile.

Dhana: Mellon alitangaza "filisi wafanyakazi, filisi wakulima"

Maneno hayo tunayo kutoka kwa Hoover, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1952, miaka 15 baada ya Mellon kufariki. Huenda yanaeleza msimamo wa Mellon kwa haki, lakini si hotuba wala waraka wa wizara.

Dhana: Alithibitika kuwa mkwepa kodi

Serikali ya Roosevelt ilimwandama Mellon kwa hesabu zake za kodi za 1931. Mfano uliosumbua: mwishoni mwa Desemba 1931 aliiuzia benki ya Union Trust hisa za kampuni ya makaa ya mawe ya Pittsburgh Coal kwa dola 500,000, akadai hasara ya mamilioni, na miezi michache baadaye hisa zikaishia katika kampuni ya watoto wake. Mei 1934 baraza la mahakama Pittsburgh, yaani raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, lilikataa kumshtaki kwa jinai. Desemba 1937, miezi michache baada ya kifo chake, Bodi ya Rufaa za Kodi iliamua kwamba hapakuwa na udanganyifu. Hata hivyo hakutoka mtupu: mirathi yake ililipa takriban dola 668,000, badala ya zaidi ya milioni 3 zilizodaiwa.

Dhana: Kodi za dharura ziliondoka na dharura

Ya hundi iliisha mwisho wa 1934. Ya petroli, senti 1 kwa galoni, nayo iliwekwa kama ya muda. Mwaka 1933 ikaongezwa hadi senti 1.5, na mwaka 1993 ikafika senti 18.4.