Leo Baeck Institute si makumbusho ya mauaji

Nasoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ule uitwao Kurrent, ambao siku hizi unawashinda hata Wajerumani wengi. Nilianza na majalada ya enzi za Mjerumani hapa Dar es Salaam, nikajikuta kwenye barua za familia za Kiyahudi. Tangu hapo sipiti mwezi bila mwanafunzi kuniuliza: "Mwalimu, ile Leo Baeck Institute si ndiyo ya mauaji ya Hitler?"

Siyo. Ni taasisi inayotunza nyaraka na historia ya maisha ya Wayahudi wa Kijerumani, na nimeshachoka kulijibu hilo kwa upole.

Anayetafuta majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi aende Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji hayo iliyoko Jerusalem, iliyoundwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo hasa. Leo Baeck Institute ilizaliwa mwaka 1955, ikawa na vituo Jerusalem, London na New York. Kati ya walioianzisha walikuwemo Martin Buber, Gershom Scholem na Hannah Arendt. Wasomi hao hawakuhitaji kufundishwa na mtu ubaya wa Unazi. Walichokihofia ni kwamba jamii nzima ingekuja kukumbukwa kwa namna ilivyouawa tu, na namna ilivyoishi isahaulike. Piga hesabu mwenyewe: amri ya Kaisari Konstantino ya mwaka 321 inawataja Wayahudi wa Cologne. Kutoka hapo hadi 1933 ni miaka 1,612. Hitler alitawala 12. Halafu mtu ananiletea pendekezo la utafiti ambalo ile 1,612 imepewa aya moja ya utangulizi!

Yaliyomo kwenye masanduku ya taasisi hiyo ni barua za wachumba, shajara, kumbukumbu za maisha, vyeti vya shule, hesabu za maduka, picha za askari. Naam, askari: Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na kama 12,000 hawakurudi. Miaka ya Unazi imo pia, tena kwa wingi, lakini imo kama sura ya mwisho ya hadithi ndefu. Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wanaujua hadi wanaucheka: anza na barua ya kawaida kabisa, mtu analalamikia kodi ya nyumba au mkwe wake. Ukishamfahamu huyo, ndipo ufungue jalada la 1938. Utalisoma kwa macho mengine.

Wengine hudhani Leo Baeck alikuwa tajiri aliyetoa fedha za kuijenga. Alikuwa rabi na mwalimu wa Berlin. Kuanzia 1933 aliongoza chombo kilichowawakilisha Wayahudi wa Ujerumani, akakataa kukimbia na kuwaacha watu wake, akapelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1943. Alitoka hai, akahamia London, akawa rais wa kwanza wa taasisi, akafariki mwaka 1956.

Eti Wayahudi hao walizungumza Kiebrania nyumbani? Kufikia mwisho wa karne ya 19 wengi wao lugha ya nyumbani ilikuwa Kijerumani. Kabla ya hapo, karne ya 18, Moses Mendelssohn aliitafsiri Torati kwa Kijerumani lakini akaichapisha kwa herufi za Kiebrania. Msomaji wa Lamu ataelewa haraka: ndivyo wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Na hilo neno "Kijerumani" lishikeni kama lugha, si mipaka ya nchi. Vienna imo, Prague imo, Czernowitz ambayo leo iko Ukraine imo. Wakimbizi wao wengine walifika hadi Kenya.

Majina sasa. Jina Rosenberg halimfanyi mtu kuwa Myahudi. Alfred Rosenberg alikuwa mwananadharia wa chama cha Nazi. Na tafadhali, bibi wa kwenye hati ya 1939 si lazima awe Sara. Amri ya Agosti 1938 iliwalazimisha wanawake wa Kiyahudi kuongeza jina Sara na wanaume Israel, isipokuwa wale ambao tayari majina yao yalikuwa kwenye orodha ya serikali. Nimewahi kumkuta mtu amepoteza miezi mitatu akimsaka "Sara" katika daftari za vizazi za miaka ya 1880. Bibi yule alizaliwa akaitwa Hedwig.

La mwisho ni la wanaodai kwamba bila nauli ya New York hakuna utafiti. Sehemu kubwa ya nyaraka za kituo cha New York imeshapigwa picha na inasomwa bure kwenye intaneti, na hakuna atakayekuuliza dini wala cheo chako. Kikwazo ni mwandiko, basi. Wiki mbili za mazoezi kila jioni zinatosha kuanza kutofautisha herufi e na n. Ukishindwa kabisa nitafute, ila uje na jina la mji. Jina la ukoo peke yake halinisaidii, maana akina Meyer wamejaa kila mji.