Afisa ugani wa kaunti halipwi na Wizara ya Kilimo

Mazao yakishambuliwa na viwavi jeshi, Wakenya wengi hulaumu Wizara ya Kilimo, Nairobi, kwamba haitumi wataalamu mashambani. Lawama hiyo imepotea njia.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo. Kilimo cha mazao, ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo, hata vichinjio, vilikabidhiwa kaunti zote 47. Afisa ugani, yaani mtaalamu anayekagua mahindi yako na kukushauri, ni mwajiriwa wa kaunti.

Pesa zake hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye mgao sawa (pesa ambazo serikali ya kitaifa huzigawia kaunti), ambao Katiba inataka, kwa kaunti zote pamoja, usipungue asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Ziada yake ni ushuru wa kaunti yenyewe, pamoja na fedha za masharti kutoka serikali kuu na wafadhili.

Na hapa ndipo penye uzito: mgao huo hauji na fungu lililotengewa kilimo. Kaunti ikitaka kujenga ofisi badala ya kuajiri maafisa ugani, hakuna asilimia ya Katiba inayoizuia. Bunge la kaunti ndilo huamua, na makadirio ya bajeti hufikishwa huko kufikia Aprili 30. Mkulima anayesubiri hadi msimu wa mvua ndipo alalamike amechelewa sana.

Mbolea ya ruzuku ni suala tofauti. Hiyo ni mpango wa serikali ya kitaifa.