Upepo ni mkali, mbona mtambo umesimama?

Wananchi wanaopita karibu na mashamba ya upepo, yaani sehemu zenye mitambo mingi ya kuzalisha umeme kwa upepo, hutuuliza swali hili, nasi tunalipenda. Anayeuliza ameshagundua jambo la maana: si kila upepo unafaa kuzalisha umeme.

Tuanze na hesabu. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukiongeza kasi hadi mita 8, nishati yake haiongezeki mara mbili bali mara nane. Hewa inayopita kwenye mapanga, yaani mabawa ya mtambo yanayozunguka, kila sekunde inakuwa maradufu, na kila kilo ya hewa hiyo imebeba nishati mara nne ya ile ya awali. Mbili mara nne ni nane.

Ndiyo sababu watu walikubali kwenda kujenga shamba la upepo mbali, hadi Loiyangalani, kaunti ya Marsabit nchini Kenya, na kuvuta njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Kasi ya upepo huko ni wastani wa mita 11 hivi kwa sekunde. Upepo wa kusini mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukatoka mbio kama maji ya bomba unapoziba mdomo wake kwa kidole. Tena huwa na nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, saa ambazo wateja wengi wamelala, na hilo ni fumbo kubwa kwa wanaoendesha gridi, yaani mtandao wa umeme.

Mitambo ya Loiyangalani ni 365, kila mmoja wa kilowati 850. Upepo ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde, mapanga yanaweza kujizungusha polepole, lakini umeme hakuna. Kuanzia hapo uzalishaji hupanda kwa kasi hadi mita 16 hivi, ambapo jenereta hufika kikomo chake. Upepo ukizidi hapo, umeme hauongezeki tena: kompyuta ya mtambo huyageuza mapanga kidogo kidogo ili upepo wa ziada upite bila kukamatwa. Nahodha wa jahazi anajua jambo hili. Upepo wa kusi ukichachamaa, hupunguza tanga ili mlingoti usivunjike.

Ukifika mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, mtambo hujisimamisha. Mapanga hugeuzwa mpaka ukingo wake mwembamba uelekee upepo, na mzunguko unakufa. Watu hudhani breki ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa kawaida mapanga yenyewe ndiyo breki kuu. Kisha mtambo hausubiri tu upepo ushuke hadi mita 24. Hungoja utulie zaidi, kwani kuwaka na kuzima kila dakika kungechosha giaboksi na vyuma vyote.

Kwa hiyo mtambo uliosimama kwenye dhoruba huenda ni mzima kabisa, unajilinda.

Kwa anayefikiria kufunga mtambo mdogo nyumbani au shambani: pima kwanza upepo, mahali hasa utakapousimika mtambo na kwa urefu uleule wa mnara, ikiwezekana mwaka mzima. Kati ya mita 5 na mita 6 kwa sekunde, tofauti ambayo mwili wako hautaihisi, nishati huongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Mwembe mmoja ulio upande upepo unakotoka unatosha kukunyima yote hiyo.