Je, wajua kwa nini muhuri wa posta unaweza kuizidi stempu kwa thamani?

Chukua stempu ya Ujerumani ya fenigi 10, toleo la mwaka 1889. Zilichapwa nyingi mno, kwa hiyo ikiwa imetumika Berlin haina bei ya maana. Sasa iwe imegongwa muhuri unaosomeka BAGAMOYO, mwaka 1892. Karatasi ni ile ile na rangi ni ile ile, lakini hapo wakusanyaji wataanza kupandishiana bei.

Wajerumani walifungua posta Bagamoyo Oktoba 1890, na stempu za koloni hawakuwa nazo. Walitumia zile zile za kwao. Mwaka 1893 ndipo stempu hizo zilipoanza kuchapwa juu yake thamani ya pesa, yaani sarafu ndogo ya koloni iliyoitwa hivyo, kwa hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja. Kwa karibu miaka mitatu, basi, muhuri ndio shahidi pekee kwamba stempu ilibandikwa huku pwani.

Mwanzoni muhuri haukuwekwa kwa ajili ya stempu hata kidogo. Mwaka 1661, mkuu wa posta wa Uingereza, Henry Bishop, alianzisha muhuri mdogo wa siku na mwezi kwa sababu watu walilalamika kuwa barua zinacheleweshwa. Stempu zilikuja baadaye sana, mwaka 1840, na muhuri ukapewa kazi ya pili: kuiharibu stempu isitumike tena. Wino mwekundu wa mwanzo ulifutika kirahisi, na wajanja hawakosekani popote. Mwaka uliofuata wakahamia wino mweusi.

Kisa cha Bagamoyo kilijirudia kwa namna nyingine. Kuanzia 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, zenye majina ya nchi zote tatu. Stempu yenye picha ya Kilimanjaro ingeweza kubandikwa Kampala au Kisumu bila tatizo lolote. Anayekusanya za Tanga hana njia nyingine ila kusoma wino.

Na kusoma wino kuna shida zake. Muhuri mara nyingi huangukia nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha. Ukiibandua stempu kwa kuiloweka kwenye maji, kama tulivyozoeshwa shuleni, unaweza kubaki na herufi tatu: NGA. Hiyo ni Tanga au Iringa? Kama bahasha ingekuwepo, jibu ungelisoma hapo hapo. Ndiyo maana mimi nasema bahasha ya zamani isiguswe na maji kabisa. Ihifadhi nzima, pamoja na anwani na mihuri ya nyuma, kwani posta ya njiani au ile iliyopokea barua wakati mwingine iligonga wake upande huo.

Kisha kuna mihuri maalumu, inayotengenezwa kwa tukio fulani na kutumika siku moja au chache. Bahasha ya siku ya kwanza ni ile iliyogongwa tarehe ile ile stempu ilipotoka. Zinapendeza, sikatai, ila nyingi huuzwa kwa watalii na wakusanyaji bila kupita kwenye mfuko wa barua. Zipo hata stempu zinazogongwa kwa mafungu kabla ya kuuzwa: muhuri safi, umekaa pembeni kabisa, na nyuma gundi ingalipo. Binafsi naipenda zaidi barua ya kawaida ya mfanyabiashara wa katani wa Tanga, hata kama muhuri umepinda. Ukitaka wa leo usomeke, usiitumbukize barua kwenye sanduku. Mpe karani dirishani: “Dada, naomba unigongee taratibu, jina lisomeke lote.”

Kwa kuwa thamani iko kwenye wino, waghushi nao hughushi wino: hununua stempu rahisi ya Ujerumani na kuigonga muhuri bandia wa koloni. Kabla ya kutoa fedha, anza na tarehe. Muhuri wa Bagamoyo wa Machi 1890 umetangulia posta yenyewe, na stempu yenye thamani ya pesa iliyogongwa 1891 imetumika kabla haijachapwa. Tarehe ikikubali, tazama pembeni mwa stempu kama duara linaendelea hadi kwenye bahasha bila kukatika.