Ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani?

Mimi ni askari wa Zimamoto, na swali hilo nikiingia dukani huliuliza kabla hata sijautazama mtungi wa kuzimia moto. Niliuliza hivyo kwenye duka moja la jumla pale Mwanga, Kigoma mjini. Upande mmoja vitenge, upande wa pili magodoro yamepangwa hadi darini, madumu ya mawese yamejipanga karibu na kaunta. Binti wa dukani akajibu, "Upo, afande," akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa kishada cha funguo kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Tulizihesabu: 14. Mlango wenyewe ulikuwa nyuma ya marobota mawili. Tukayasukuma, akaanza kujaribu ufunguo mmoja mmoja, na wa 9 ndio ukakubali. Taa zinawaka, hakuna moshi, hakuna anayepiga kelele, na bado dakika 2 zilipita.

Mtungi walikuwa nao, mpya, mshale uko kwenye kijani, na risiti ikaletwa bila kuombwa. Mwenye duka alikuwa na amani kabisa.

Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Pumzi chache tu zinamlegeza mtu, na wengi wanaofia ndani ya jengo linaloungua humalizwa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Chumba kilichosheheni magodoro kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika chache. Sasa ziondoe 2 za kutafuta ufunguo, uone kinachobaki.

Nimezungumza na vijana wengi wa madukani kuhusu jambo hili. Ukimuuliza atafanya nini moto ukitokea, jibu ni lile lile: "Nampigia bosi." Bosi yuko njiani kutoka Kasulu, simu haishiki. Ukimdadisi kidogo atakwambia la moyoni: anaogopa kuacha duka wazi, vibaka wakabeba, mwisho wa mwezi akatwe. Hofu hiyo si ya kijinga. Ndiyo inayomfanya abaki kukusanya vitenge wakati paa linaungua. Kwa hiyo mwenye duka, kabla hujanunua kifaa chochote, waite wafanyakazi wako wote, hata yule wa kubeba mizigo anayelipwa kwa siku, uwaambie kwa mdomo wako: moto ukitokea toeni watu, kateni umeme kama swichi inafikika, pigeni 114 ya Zimamoto, halafu ndio mnitafute mimi, kitakachopotea siku hiyo hakitakatwa kwenye mshahara wa mtu. Kama maneno hayo yanakukwama kooni, basi maandalizi yako hayajaanza.

Turudi kwenye mtungi, maana hapo pana imani kubwa kuliko uwezo wake. Mtungi wa unga wa kilo 6 humaliza kilichomo kwa sekunde 15 hadi 20 hivi. Ni wa moto mchanga, wenye ukubwa wa ndoo ya taka, na unautumia ukiwa umeupa mlango mgongo. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, siyo kwenye ndimi zinazorukaruka, bana mpini, fagia kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, tupa chini utoke. Wapo wanaorudi kutafuta wa pili stoo. Usirudi. Unga wenyewe hutimua vumbi, na humo ndani hutaona hata mkono wako. Mtungi ukaguliwe na fundi kila mwaka, utundikwe karibu na mlango, usifunikwe na mabango ya vocha.

Kigoma ni nchi ya mawese, na huku kwetu mawese hudhaniwa ni petroli nyingine. Sivyo. Mawese yaliyotulia kwenye dumu hayashiki moto kirahisi. Yanahitaji joto kali kwanza. Hatari yake huja pale moto mwingine unapoyeyusha dumu, mafuta yakatambaa sakafuni, au pale anayekaanga mihogo nyuma ya duka anapoisahau sufuria. Hapo maji ni adui. Yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka, huzama chini na kugeuka mvuke ghafla, na mvuke huchukua nafasi ya takribani mara 1,700 ya maji yaliyouzaa. Mafuta yanarushwa hewani yakiwaka. Sufuria ifunike kwa mfuniko, zima jiko, iache ipoe yenyewe.

Petroli ni habari nyingine kabisa. Mvuke wake hutoka hata bila kupashwa joto, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa la jirani. Gesi ya kupikia ikivuja nayo hukaa chini vivyo hivyo. Chupa ya maji iliyojazwa petroli ya jenereta na kufichwa chini ya kaunta ni kitu ninachokiona mara nyingi mno. Mji huu uliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na mazoea ya kajenereta kadogo hayajaondoka. Basi kakae nje, mbali na dirisha, maana moshi wake ndani ya chumba unaua mtu aliyelala bila hata kumwamsha. Kazime, kapoe, ndipo ukajaze mafuta. Na kama kuna kijana anayelala dukani kulinda, usimfungie kwa kufuli la nje. Nimewahi kuambiwa, "Afande, ni kwa usalama wake."

Maji nayo huleta hasara. Mvua zetu huanza kuchanganya mwezi wa 11, na mji uko kwenye vilima: mfereji ukiziba juu, mtaa wa chini ndio unaolipa. Walio karibu na Ziwa Tanganyika, kama Kibirizi na Ujiji, wanalijua ziwa linalopanda. Njia yake pekee ya kutokea ni mto Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa halishuki kwa wiki moja. Mzigo uwe juu ya chaga, soketi zipandishwe ukutani, unga na sukari visiwekwe chini. Maji yakishaingia, usikanyage ndani kukata umeme; kama meni swichi huifikii ukiwa pakavu, waite TANESCO.

Ukipiga 114, simu ni bure. Sema uko wapi kabla ya yote, kwa sababu simu ikikatika hilo ndilo tutakalobaki nalo. Soma kibao cha anwani ya makazi, taja na alama inayojulikana: msikiti, sheli, kituo cha bajaji. Kisha sema kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Mmoja wenu asimame barabarani kutupokea. Ndani, paza sauti. Wateja wa Mwanga wengine wametoka Burundi, na mtu akichanganyikiwa hurudi kwenye lugha ya nyumbani. Neno "umuriro", yaani moto kwa Kirundi, likitangulia hapo, litamfikia.

Mkishatoka, mkutane sehemu moja mhesabiane. Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe pale Ujiji mwaka 1871, na miembe bado hatujapungukiwa. Chagueni wenu, uwe ng'ambo ya barabara. Aliyeungua mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki kwa ajili ya meno. Asirudi mtu ndani mpaka askari wa Zimamoto aseme.

Mazoezi ya haya yote hayazidi dakika 5. Asubuhi moja kila mwezi, kabla ya kufungua, zimeni taa, mtu mmoja apige kelele, mwingine ahesabu sekunde kwa simu.

Lile duka la Mwanga nililirudia baadaye. Marobota yamehamishwa. Ufunguo wa nyuma una msumari wake peke yake, umefungwa uzi mwekundu, na yule binti alifungua kwa sekunde 6 huku akimjibu mteja bei ya godoro. Nikamwomba akate umeme. Akatazama juu, kwenye meni swichi iliyo karibu na dari, kisha akatazama pembeni alipozoea kukiweka kigoda. Kilikuwa kimeazimwa duka la jirani.