Ng'ombe Akigongwa Njia ya Lamu, Nyama Huishia Wapi?

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika mguu malishoni hujikokota hadi zizini. Hawakuwahi kuona ng'ombe aliyegongwa na basi kati ya Gamba na Witu. Huyo hajikokoti popote. Amelala ubavu juu ya lami, miguu ya nyuma haina kazi tena, basi limepasuka kioo na taa moja, abiria wanateremka mmoja mmoja, na kabla utingo hajamaliza kuzunguka gari kutazama hasara, mtu ameshapaza sauti: "Kisu! Nani ana kisu?"

Mbona kisu kwanza, si simu? Na kesho kutwa ukipita hapo ukirudi Malindi, mbona huoni kitu ila doa jeusi kwenye lami na kunguru wawili watatu? Mnyama wa kilo 300 kaenda wapi?

Yote hutegemea mambo mawili: kama kisu kilimkuta angali hai, na kama alikuwa wa mtu au wa porini.

Tuanze na kisu. Pwani tuna neno letu la nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa: kibudu. Wengine husema nyamafu. Kwa Mwislamu kibudu ni haramu, na Kurani imelitaja jambo hili kwa undani ambao humshangaza anayelisoma mara ya kwanza. Katika Sura ya 5, Al-Maida, aya ya 3, wametajwa mnyama aliyekufa mwenyewe, aliyenyongeka, aliyepigwa akafa, aliyeporomoka kutoka juu, aliyepigwa pembe na mwenzake, na aliyeliwa na mnyama mkali. Kisha ukafunguliwa mlango mmoja: isipokuwa mliyewahi kumchinja. Basi la Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, halikuwapo wakati huo, lakini aliyegongwa na gari anaingia hapohapo kwenye fungu la aliyepigwa. Ukimwahi akiwa na uhai, ukamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali. Ukichelewa, umepata mzoga.

Ndiyo maana utaona wazee wameinama juu ya ng'ombe yule kama madaktari. Wanatafuta dalili za uhai. Jicho linapepesa? Mkia unatikisika? Akikatwa, damu inaruka, au inachuruzika tu kama maji ya mfereji ulioziba? Mchungaji, mara nyingi Muorma au Mwardei, huwa keshafika mbio na fimbo yake, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua. Wengine hapo hata si Waislamu, lakini wanajua kwamba nyama isiyo na mchinjaji haina mnunuzi Witu wala Malindi, kwa hiyo nao wanahimiza kisu.

Sayansi ya nyama, kwa njia yake, nayo ina haraka ileile. Ng'ombe wa kilo 300 ana damu karibu lita 20. Akichinjwa moyo ukiwa bado unapiga, kiasi cha nusu ya damu hiyo hutoka. Moyo ukishasimama, damu hubaki mwilini, hushukia upande uliolalia chini na kuwa uji mzuri wa kulelea bakteria. Kwenye joto la nyuzi 30 na ushee, ambalo kwetu ni la saa nne asubuhi tu, bakteria wengine huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe kutoka saa nne hadi adhuhuri.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili, na mimi nitasema waziwazi: halali si lazima iwe salama. Mnyama aliyechinjwa kwa wakati anaweza kuwa amepasuka matumbo kwa kishindo cha bampa, na kinyesi kimesambaa ndani kabla hata mchinjaji hajapiga bismillahi. Ubavu uliopigwa huvilia damu, ukawa kama jeli nyekundu ambayo bucha mwaminifu huikata na kuitupa. Kisha kuna hofu. Mnyama aliyetulia ana akiba ya sukari kwenye misuli, na baada ya kuchinjwa sukari hiyo hugeuka asidi inayosaidia nyama isiharibike upesi. Aliyekimbizwa, akagongwa, akagaagaa nusu saa kwa maumivu, ameimaliza akiba yote. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, ya kunata, na haikai. Mama akiiona sokoni husema tu "nyama hii ina kitu," na husema kweli.

Sheria ya Kenya ya udhibiti wa nyama, Sura ya 356, haina shida na mtu kuwa na haraka. Inachotaka ni kwamba nyama ya kuuzwa iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Kwa hiyo njia iliyonyooka ni kumwita afisa wa mifugo, naye atazame ini, mapafu, tezi na utumbo, aseme hii iende bucha na hii izikwe. Njia iliyozoeleka sote tunaijua: nyama hukatwakatwa papo hapo kwa panga juu ya majani ya mkoma, mwenyewe huuza kwa bei ya kutupa ili asikose vyote, abiria mmoja anapanda tena basini na mfuko unaovuja, na kufikia magharibi sufuria zimechemka kijiji kizima. Afisa akifika, anakuta mfupa.

"Lakini huyu kagongwa, hakuugua!" Hoja hiyo utaisikia kila mara, na kwa juujuu ina mantiki. Ila jiulize kwa nini yeye alisimama barabarani wakati wenzake kumi walikimbia. Mnyama mgonjwa huwa mzito, hasikii honi, huyumba. Kichaa cha mbwa humpata ng'ombe na hata punda. Kimeta humuua mnyama ghafla, pengine hatua mbili tu kutoka lami, na anayemkuta asubuhi hudhani ni kazi ya lori la usiku. Mzoga wa kimeta haupasuliwi kamwe. Damu yake ikikutana na hewa, vimelea hujifunga kwenye ganda gumu, wakakaa udongoni miaka na miaka, na kuchemsha tu hakukuhakikishii kuwa wamekufa. Anayeumia kwanza si mlaji bali mwenye kisu: kijeraha kidogo mkononi, kisha kidonda kisichouma chenye kitovu cheusi. Pwani tunayo kumbukumbu ya homa ya Bonde la Ufa pia. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 ulifika Tana River na Kilifi, ukaua zaidi ya watu 150 nchini, na kushika damu na nyama ya mifugo iliyougua ilikuwa mojawapo ya njia kuu za kuambukizwa. Hapo sijagusa dawa: ng'ombe aliyedungwa sindano jana ana siku zake za kusubiri kabla ya kuliwa, na basi haliulizi.

Sasa pesa, maana nyama ikigawanywa ubishi ndio unaanza. Sheria ya trafiki inamtaka dereva aliyegonga mnyama wa mtu asimame, ajitambulishe na apeleke taarifa polisi. Kwenye njia ya Lamu kusimama ni jambo lenye hesabu zake, kwani kwa miaka mingi magari yamekuwa yakienda kwa msafara wa polisi, na msafara hausubiri mtu anayejadili bei ya mtamba. Akisimama, mfugaji atataka thamani ya ng'ombe mzima, tena kwa bei ya msimu wa mvua. Dereva naye ataonyesha taa na rejeta. Wote wawili wana hoja: mahakamani huulizwa nani alizembea, dereva aliyekimbiza gari au mwenye mifugo aliyeiacha izurure bila mchungaji. Na bima? Ile ya lazima, ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inagusa watu waliokufa au kuumia. Ng'ombe ni mali, na mali ya mtu wa tatu ni suala la mkataba uliolipia. Basi wazee huketi chini ya mwarobaini, hukatiana pale katikati, na kila mmoja huondoka akiamini kapunjwa.

Mbona wanyama wenyewe hawaachi barabara? Kwa sababu barabara huwalisha. Maji ya mvua hayapenyi lami, huteremka pembeni, na ukingo wa njia hubaki na majani mabichi wakati malisho ya ndani yamekauka. Usiku nayo lami hushika joto la mchana, ng'ombe akalala juu yake kama mtu kwenye baraza. Ngamia ni balaa zaidi: miguu mirefu hupigwa na bampa, na kiwiliwili kizito humwangukia dereva kwenye kioo.

Turudi kwa yule ambaye kisu hakikumwahi. Mzoga wa ng'ombe huvimba upesi sana, kwani tumboni kuna pipa la majani yanayochachuka, lenye ujazo wa lita mia na zaidi. Akiwa hai hucheua na kutoa hewa ile. Akifa, uchachushaji unaendelea lakini mlango umefungwa. Saa chache baadaye ubavu wa kushoto umeinuka kama ngoma na miguu imesimama hewani. Nzi wa kijani hufika mwanzo kabisa, halafu kunguru, tai, mbwa wa kijiji, na usiku fisi. Kufa kufaana. Tatizo ni pale karamu inapoandaliwa katikati ya njia: fisi anayekula kwenye lami ndiye mzoga wa kesho. Kwa hiyo hata kama huna jembe wala nguvu za kuzika, kuuburuta mzoga mbali na barabara kunaokoa roho, yakiwemo maisha ya mwendesha bodaboda asiye na taa.

Kuzika ni afadhali, shimo la mita mbili, chokaa juu, mbali na kisima. Huku bara, hilo ni jambo jepesi. Kisiwani Amu, yaani Lamu, si jepesi hivyo, kwa sababu maji ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchanga, hukaa chini, na visima huyachota. Ukichimba popote tu ukafukia mzoga, unajiwekea mwenyewe kitu kwenye birika.

Akiwa wa porini, mambo yote yanageuka. Kati ya Witu na Hindi msafiri huona nyati, twiga na ngiri; upande wa Malindi kuna ndovu wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Hao mwenyewe ni taifa, wawe hai au wafu. Hapo kilio cha kisu kinapaswa kunyamaza, kwani kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kubeba nyama ya twiga aliyegongwa ni kosa hata kama hukumgonga wewe. Anayeitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Askari wake huja, huandika walichokuta, huondoa pembe, na mwili huzikwa, huchomwa au huachiwa tai na fisi ndani ya kichaka. Pembe za ndovu huenda ghala la serikali hata kama ndovu alikufa kwa uzee. Zile tani 105 zilizochomwa Nairobi tarehe 30 Aprili 2016 hazikuwa za majangili peke yao. Sisi watu wa mbiu ya mgambo inatuuma kidogo. Mbiu yenyewe ilikuwa pembe ya nyati, ikigongwa mji mzima unakusanyika. Leo ukiiokota njiani ukaitia kwenye buti la gari, una kesi.

Na punda? Lamu ndio mji wa punda, na kwa muda mrefu ajali zake zilikuwa za kuteleza gatini au kubebeshwa mawe kupita kiasi. Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Methali hiyo haikutungwa kwa mzaha. Bodaboda zilipoingia kisiwani zikaleta ajali za aina nyingine. Zahanati ya punda iliyoko mjini tangu miaka ya 1980 hushona majeraha na kuwatibu wagonjwa, lakini aliyevunjika paja haponi. Nyama yake hakuna anayeigusa, kwani punda wa kufugwa ni haramu, achinjwe asichinjwe. Serikali iliruhusu vichinjio vya punda mwaka 2012, vikafunguliwa bara, ngozi zikawa zinapelekwa China kutengenezea dawa ya gundi, hadi punda wakaanza kuibwa usiku. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara hiyo ya ngozi.

Kwa hiyo punda wa Amu akifa hana wa kumgombea. Hakuna kisu, hakuna afisa, hakuna bei. Hufungwa kamba, hupakiwa mkokotenini na vijana wanne, na kwenye vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kupeana bega, hamali wa mbele hutangulia akiita "Simile! Simile!" Watu hujibana ukutani, kanga puani, mpaka apite.